Mkono Uliotengeneza Saladi

Kuna swali ambalo watu wetu wa Orange Mound, mtaa wa weusi hapa Memphis, hulitanguliza hata kabla ya kuombea chakula. Kuku hawamuulizi, mbavu hawaziulizi, na mkate wa mahindi wataula hata ukiokotwa njiani. Lakini bakuli la saladi ya viazi likifunuliwa, mtu huinua uma, huutua, huangaza macho chumba kizima, ndipo husema: "Nani katengeneza hii?" Jibu lisipokuwa jina analolijua, saladi hiyo itarudi nyumbani na aliyeileta. Nimeona mchumba wa watu, msichana mzuri wa kazi ya benki, akikataliwa na ukoo mzima kwa sababu alitia zabibu kavu.

Pale Kanisa la Bethania Mpya, kwa miaka kumi na tisa jibu lilikuwa moja tu. Verlene. Watu walisikia jina hilo wakaanza kutafuna.

Verlene Goodloe alikuwa mjane wa miaka sitini na moja, mwenye sauti ya kupangia watu viti. Alipika katika jiko lililo chini ya kanisa, akauza sahani Ijumaa na Jumapili kupitia dirisha la uani, na kila jeneza lilipotoka yeye ndiye aliyelisha waombolezaji. Mimi, Ottis Pettaway, nilifika Memphis kwa basi, nikitoka Mobile naelekea Kansas City, goti limevimba kama boga. Nilikusudia kulala siku mbili. Mgeni siku mbili. Ya tatu nikapewa kisu cha kumenyea viazi. Sikuwa nimewahi kukaa mji mmoja zaidi ya mwaka na nusu tangu nilipotoroka shule mara ya mwisho, lakini goti lilichelewa kupona, na chakula kilikuwa kitamu, na mwaka ukaingia mwingine.

Siri yenyewe ilianza asubuhi ya mazishi ya mke wa Shemasi Tarpley. Nilishuka jikoni alfajiri nikamkuta Verlene amesimama mbele ya ratili hamsini za viazi vilivyochemshwa, analia. Baridi yabisi ilikuwa imemwingia viganjani. Hakuweza kugeuza mwiko.

"Ottis," akasema bila kunitazama, "umewahi kupika?"

"Nimepikia mabaharia wa mtoni, Cairo ya huku kwetu hadi Baton Rouge. Hakuna aliyekufa."

"Mimi sikuulizi habari ya kufa. Nina watu mia mbili saa sita."

Basi yeye akapanda juu kupanga viti, nami nikanawa mikono. Nikatengeneza saladi kama mama yangu alivyoitengeneza: viazi vikiwa bado vya moto, unavinyunyizia siki ya matango, unaviacha vinywe taratibu, halafu ndipo unakuja na mayai, haradali, mayonezi na vingine. Aliposhuka, Verlene alitia kijiko, akaonja, akatia tena, nami nikaanza kutafuta kofia yangu.

"Usimwambie mtu," akasema.

Mchana ule Shemasi Lucius Tarpley, mtu mzima aliyejenga nusu ya madawati ya kanisa lile kwa mikono yake, alikula sahani mbili huku machozi yanamtiririka, akasema mkewe Earlene angefurahi. Verlene akaitikia, "Asante, shemasi," akatazama chini. Watu wakaona ni unyenyekevu.

Tangu siku hiyo saladi ikawa yangu kila Ijumaa na kila Jumapili, miezi kumi na minne, alfajiri, kabla Bi Zenobia, msaidizi wa dirishani, hajafika. Na watu wakaanza kusema kwamba mkono wa Verlene umepata upako. "Ni ule mfungo wake wa siku arobaini," walisema. "Umemfungulia mkono." Kulikuwa na mama mmoja, Bi Jurlean Stoval, mwenye ulimi kama wembe, ambaye hajapata kusifu kitu tangu nimjue. Hata yeye alisema, "Zamani ilikuwa saladi. Sasa ni ushuhuda." Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nasugua sufuria.

Kisha kanisa likauzwa. Paa lilikuwa linavuja, waumini wamehamia mashariki ya mji, na mnunuzi alitaka kulifanya nyumba za kupanga. Tuliambiwa jiko liwe tupu mwisho wa Agosti. Verlene alikuwa amepata chumba mtaa wa pili, duka lililokuwa la dobi, lakini idara ya afya haikuruhusu apike mle bila bomba kubwa la kutolea moshi, na bei ya bomba hilo ilikuwa bei ya gari. Hakuwa na bei ya gari. Hata gari alilokuwa nalo halikuwa na bei ya gari.

Ndipo ikaja habari ya Mfuko wa Meza Yetu: ruzuku ya dola elfu ishirini na tano kwa wafanyabiashara weusi wa chakula, pamoja na mafunzo ya wiki kumi na mbili, kila Jumanne, bure. Verlene alisema hahitaji kufundishwa kuuza kuku. Alisema hivyo Jumatatu. Jumanne alikuwa amekaa kiti cha mbele.

Sitasema mafunzo yale yalikuwa upuuzi, maana ningekuwa mwongo. Wiki ya tatu aligundua kwamba kwa miaka kumi na moja kila aliyenunua kambare wake alikuwa akilipwa na yeye Verlene ili ale, maana bei ilikuwa chini ya gharama. Wiki ya tano alifuta vyakula tisa kwenye orodha. Watu walinuna siku kumi, wakasahau. Alijifunza kuandika barua kwa mwenye nyumba hadi mwenye nyumba akamwita "mama". Mwalimu wao alikuwa Camille Brisco, binti wa hapa hapa Memphis, mwenye viatu vyeupe visivyoshika uchafu na akili isiyoshika mzaha.

Kulikuwa na sharti moja tu. Mfuko haukutaka kutia fedha kwenye biashara ambayo mwenyewe akiteguka mguu inakufa. Kwa hiyo kila mwanafunzi alipaswa kuandika kadi za mapishi yake, kwa vipimo, na wiki ya mwisho kufanya Siku Bila Mwenyewe: mwenye biashara akae nje, wasaidizi wapike kwa kadi, na mwalimu aangalie kama watu wanakula. Wasipokula, hakuna ruzuku.

"Bi Verlene," Camille alimuuliza, "ukiugua, nani atafungua dirisha?"

"Mimi siugui."

"Ukifa?"

"Nikifa, mwanangu, nani atakuwa na hamu ya kula?"

"Mimi," Camille akasema. "Watu mia mbili watakuja kukuzika. Nani atawalisha?"

Verlene akafunga daftari lake, akaondoka.

Nilimfuata jioni hiyo uani. "Mwambie mwalimu basi," nikasema. "Biashara yako imeshakwenda bila mkono wako mwaka mzima na zaidi. Umefaulu kabla ya mtihani."

"Nimwambie yeye, yeye aiandike kwenye karatasi, karatasi ibandikwe dirishani? Wanataka jina la mpishi libandikwe, Ottis. Wanaita uwazi." Akavuta kiti akakaa. "Nikikubali kwamba mtu mwingine anaweza, napata duka. Watu wakijua kwamba mtu mwingine ndiye, duka la nani tena?"

Nikarudi kumenya viazi.

Camille akaja na mizani yake midogo kuandika kadi ya saladi. Verlene akasimama mbele ya sinia kama anayepigwa picha. Mimi nikawekwa pembeni, nimenyamaza, na kisu changu.

"Sasa tia chumvi kama kawaida," Camille akasema. Verlene akachota konzi. "Simama hapo hapo, mama! Usirushe!" Akaidaka ile chumvi juu ya mizani. Gramu arobaini na mbili. "Tena." Hamsini na saba. "Tena." Thelathini na nane.

"Inategemea viazi," Verlene akasema.

"Viazi ni vile vile."

"Basi inategemea na mtu anayekukodolea macho."

Camille akajumlisha, akagawanya kwa tatu, akaandika. Haradali nayo vivyo hivyo. Habari ya kunyunyizia siki viazi vya moto haikuandikwa, kwa kuwa Verlene hakuijua. Nilikuwa nikiifanya kabla hajashuka. Camille alipoondoka, Verlene alivitazama viganja vyake kama vitu alivyoazimwa.

"Umesahau," akasema. "Mkono umesahau, Ottis."

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Verlene alikatazwa kukanyaga jikoni na kukatazwa kupiga simu. Hakukatazwa barabara. Kwa hiyo tangu saa nne alikuwa ndani ya gari lake ng'ambo ya pili, amejilaza kitini, kofia ya kanisani inaonekana dirishani kama kuku aliyeatamia. Dirishani petu palibandikwa karatasi: Kuku, Bi Zenobia Crump. Sukuma wiki, Bi Zenobia Crump. Saladi ya viazi, Bw. Ottis Pettaway, kwa kadi ya Bi Verlene Goodloe.

Niliifuata kadi ile kama askari. Camille alisimama ubavuni kwangu na kalamu. Nikapima chumvi, nikapima haradali, viazi nikaviacha vipoe kama ilivyoandikwa. Ilivyotoka, ilikuwa saladi tu. Ungeweza kuila kama hukuwa na pa kwenda.

Saa tano foleni ikafika kwenye kona. Bi Jurlean alikuwa wa kwanza, amevaa miwani mbili, moja machoni, moja kichwani.

"Hii karatasi inasema nini?" akauliza.

"Umeshaisoma, Jurlean," Zenobia akasema. "Nakuona midomo."

"Nani katengeneza saladi?"

"Imetengenezwa kwa kanuni ya Verlene mwenyewe."

"Sikuuliza kanuni. Nimeuliza mkono."

"Ottis."

"Ottis yupi? Yule anayeosha masufuria?" Akageukia foleni. "Jamani! Leo saladi ni ya mwosha masufuria!"

Basi ikawa hivyo. Kuku akaenda, sukuma wiki ikaenda, na kila mmoja akasema, "Niongezee mkate badala ya saladi, dada." Kijana mmoja mwenye huruma alikubali kijiko kimoja, akaonja, akasema kwa adabu, "Huyu siye Verlene." Nilitaka kucheka nikashindwa. Ndiyo iliyokuwa ya Verlene, kila gramu yake, na ilikuwa mara ya kwanza wao kuila tangu mwaka jana.

Saa sita sinia lilikuwa limejaa kama tulivyolitoa. Zenobia akampakulia mwalimu sahani. Camille akaitazama, akaisogeza saladi pembeni kwa uma. "Nitaanza na kuku," akasema.

"Kadi umeandika wewe!" nikamwambia.

"Kuandika ni kuandika, mzee. Nimelelewa hapa." Lakini aliona haya, nikaona kalamu yake inasita juu ya karatasi. "Saa nane nafunga hesabu. Ikibaki hivi, sina la kuwaandikia. Samahani. Kwa kweli."

Niliangalia ng'ambo ya barabara. Ile kofia ilikuwa imezama chini kabisa.

Sikupanga kitu. Nimeishi maisha yangu yote kwa kutopanga. Niliweka sufuria jingine motoni, viazi vya ratili ishirini, na vilipoiva nikavimwaga vikifuka moshi, nikachukua chupa ya siki.

"Hiyo haimo kwenye kadi," Camille akasema.

"Haimo."

"Unafanya nini?"

"Ninachofanya kila Ijumaa."

Kwa ile akili yake isiyoshika mzaha, Camille akavuta mizani karibu. Nikachota konzi ya chumvi, akaidaka. Thelathini na moja. Akaniomba tena. Thelathini na moja. Mara ya tatu hakusema namba, alinitazama tu usoni, halafu akautazama mkono.

Saladi ya pili ikatoka saa saba. Zenobia, ambaye hakuelewa neno lakini pua anayo, akaanza kuionjesha watu kwa kijiko bila kuomba ruhusa. Mtu wa kwanza akarudisha kijiko atiliwe tena. Wa pili akasema, "Mh!" Wa tatu, Bi Jurlean, aliyekuwa amerudi kulalamikia kuku, akaramba kijiko, akapiga kelele:

"Verlene! Toka huko nyuma! Mnatuchezea, yumo ndani!"

"Hayumo," Zenobia akasema.

"Huu ni mkono wake! Mimi naweza kuukosea mkono huu? Verlene!"

Foleni nzima ikaanza kuita. Shemasi Tarpley, aliyekuwa ameshika fimbo na sahani yake isiyo na saladi, akasema anakwenda kumwamkia Dada Verlene, akazunguka akaingia kwa mlango wa nyuma. Akamkuta mwalimu na mizani. Akanikuta mimi, mayonezi hadi viwiko.

Alitazama chini ya meza. Sijui kama alidhani Verlene atakuwa chini ya meza. Kisha akachukua kijiko, akaonja kutoka bakuli lililokuwa mikononi mwangu.

"Tangu lini?" akaniuliza.

Ningeweza kudanganya. Nimedanganya mapolisi wa majimbo saba. Lakini mzee yule alikuwa ananitazama kama mtu anayeshika bakuli la mwisho la mkewe.

"Tangu siku ya Earlene," nikasema.

Akakaa kwenye gunia la viazi. Kijiko kilikuwa kimemtoka mkononi. Nilisikia watu nje wakipiga dirisha, na Camille akiwa ameacha kuandika. Mwishowe shemasi akaegemea fimbo akainuka, akatoka kwa mlango ule ule, nami nikamfuata maana niliona bora nipigwe hadharani.

"Yumo?" Jurlean akauliza.

"Hayumo," shemasi akasema. "Ni Ottis. Ni Ottis leo, na ni Ottis aliyewalisha siku ya mke wangu, na tangu hapo. Mkitaka kutapika, mmechelewa miezi kumi na minne."

Mlango wa gari ukafungwa ng'ambo. Verlene akavuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia, kofia imekaa upande.

"Umenimaliza, Ottis," akasema.

"Sijasema mimi. Kasema shemasi."

"Lucius?"

"Mimi ni shemasi, Verlene. Ulitaka nifanyeje?"

Bi Jurlean aliinua miwani ya kichwani akaiweka juu ya ile ya machoni. "Verlene Goodloe. Umenifanya nitoe ushuhuda juu ya saladi ya mwosha masufuria. Mbele ya watu. Kanisani."

"Viganja vyangu vimeharibika, Jurlean." Akavinyoosha. Vilikuwa vimepinda kama matawi. "Ningesema, mngekula?"

Karatasi ilikuwa bado imebandikwa pale, na sinia la kwanza nyuma yake, limejaa.

Jurlean akanigeukia mimi. "Wewe. Umenawa mikono?"

"Ndiyo, mama."

"Wewe ni wa nani?"

Miaka mitatu naishi mtaani pale na hakuna aliyeniuliza hilo. Mtu wa sufuria haulizwi ukoo. "Mama yangu alikuwa Lovie Pettaway, wa Marianna, ng'ambo ya mto."

"Lovie yupi? Aliyekuwa akipikia shule ya weusi karibu na kinu cha pamba?"

"Huyo huyo."

"Aliyekuwa na pengo hapa?" Akajionyesha jino.

"Huyo."

"Nimekula kwa Lovie miaka sita!" Jurlean akapiga kelele, safari hii kwa hasira nyingine kabisa. "Mbona hukusema? Unakaa hapa kama uliyeanguka kutoka angani, kumbe una watu! Zenobia, nipe mbili. Na usinibanie."

Saa nane kasorobo sinia la pili lilikuwa limekwanguliwa. La kwanza, lile la kadi, Camille aliliandika "hasara ya mafunzo" na tukamwagia nguruwe wa mtu.

Ruzuku ilitoka. Mwalimu aliandika kwamba biashara imethibitika kwenda bila mwenyewe kwa muda mrefu kuliko biashara yoyote kwenye darasa lake, tena bila wateja kujua. Lakini akaongeza aya moja chini: hatari imehamia mahali pengine, sasa yote inamtegemea mtu mmoja asiye na anwani. Kwa hiyo kabla ya bomba la moshi kununuliwa, mtu huyo asaini kwamba hataondoka miaka mitatu, na atafundisha wengine wawili kwa mizani. Itafuata Siku Bila Ottis.

Mikutano ile ya Jumanne nilikuwa nimeihudhuria yote, nimekaa kiti cha nyuma. Nimesoma madarasa tofauti katika majimbo tisa bila kumaliza hata moja, hili nililimaliza. Ile karatasi ya miaka mitatu sikuisaini siku ya kwanza, wala ya pili. Ya tatu nilisaini.

Duka lilifunguliwa wiki ya pili ya Septemba. Wapiga picha walimpiga Verlene amebeba hundi kubwa kama mlango, ameikumbatia kwa viwiko ili viganja visionekane. Mimi nilikuwa ndani namenya. Mteja wa kwanza, mgeni, hatumjui, aliinua uma, akautua, akaangaza macho.

"Samahani, nani katengeneza hii?"

Verlene alivuta pumzi kama anayetaka kuimba. "Ottis," akasema. "Mwana wa Lovie wa Marianna."

"Aa," yule mgeni akasema, akaanza kutafuna. Hakumjua Lovie wala Marianna. Alitaka tu kusikia kwamba kuna mtu.

Jioni nilitafuta mkoba wangu wa safari, si kwa kwenda popote, ni mazoea ya kuutazama. Haukuwepo msumarini.

"Uko kule," Verlene akasema, akanyanyua kidevu. Ulikuwa kwenye rafu ya juu kabisa, nyuma ya bomba jipya la moshi, mahali ambapo bila ngazi hufiki, na kwa goti langu hata kwa ngazi hufiki.

"Mbona huko?"

"Somo la wiki ya tisa," akasema, akizima taa za mbele. "Kitu kisichotumika kila siku, weka juu."